Barua ya wazi: Mpeni rubani wa ndege ndogo taarifa ya mvua, na akirudi msimhukumu

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA)
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA)
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA)

Waheshimiwa,

Kila masika mnapokea barua kuhusu mafuriko na barabara zilizokatika. Hii ni kuhusu mvua ileile, ila inapoikuta ndege ndogo ikiwa hewani, inakaribia kutua. Nasema Caravan yenye abiria 12, injini moja, panga boi moja puani, inashuka Mafia, Pemba, Seronera au Bukoba, na mbele ya kioo hakuna kinachoonekana ila ukuta wa kijivu. Nimeziendesha ndege hizi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, pwani, ziwani na hifadhini.

Nina jambo moja la kuwaambia. Rubani wa ndege ndogo anaamua kutua au kurudi bila kujua mvua iliyo mbele yake imebeba nini, na akiamua kurudi, huko chini anapokelewa kama mtu aliyeshindwa kazi. Ninyi mnaweza kuyarekebisha yote mawili, na gharama yake ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Nianze na mvua yenyewe inavyoifanya ndege, maana nadhani wengi wanaopanga bajeti wanaifikiria kama usumbufu tu.

Abiria huogopa injini. Aliyekaa mbele pembeni ya rubani, maji yanapoanza kuchapa kioo, swali lake la kwanza ni kama injini haitazimika. Hofu hiyo ina msingi. Tarehe 24 Mei 1988 Boeing 737 ya shirika la TACA ilizimikiwa injini zote mbili ndani ya mvua kubwa na mvua ya mawe karibu na New Orleans, Marekani. Marubani waliitua bila injini kwenye nyasi kando ya tuta, na watu wote 45 wakatoka hai. Lakini injini ya Caravan huvumilia mvua vizuri. Rubani ana kizuizi anachokifungua ili matone mazito yapitilize nje wakati hewa inageuka kuingia ndani, na anawasha viwashio vifanye kazi mfululizo ili moto ukiyumba uwake papo hapo. Ndege za pistoni, zenye injini ya mtindo wa gari, kama Cessna 206, ni dhaifu zaidi. Kichujio cha hewa kikilowa injini hukosa pumzi, na mfuniko wa tangi la bawa ukiwa umechakaa, ndege ikilala nje usiku wa mvua, maji huchanganyika na mafuta. Ndiyo maana asubuhi ya masika utamkuta fundi makini amechuchumaa chini ya bawa, anakinga mafuta kidogo kwenye kikombe kinachopitisha mwanga, anakiinua juani na kutazama kama kuna tone la maji limetulia chini. Likiwepo anamwaga, anakinga tena, mpaka yatoke safi. Kazi hiyo inafanyika, na inafanyika vizuri. Sina la kudai hapo.

Kinachomponza rubani kwanza ni kioo. Caravan haina waipa. Maji yakitanda kwenye kioo, mwanga hupinda, na njia ya kurukia inaonekana chini kuliko ilivyo. Macho yanamwambia rubani yuko juu sana, naye anashusha pua. Mahali penye miti na nyumba atashtuka mapema kwamba vinamkaribia kuliko kawaida. Akiwa anaingia kutokea ziwani au baharini, chini yake ni maji tupu, rangi ileile ya mvua, hana cha kujipimia. Hesabuni ni viwanja vyetu vingapi ambavyo ndege huviingia kutokea majini.

Halafu bawa. Watafiti wa NASA walilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980, wakanyeshea mabawa mvua kubwa ya kutengeneza na kupima. Walichokiona ni kwamba tabaka la maji na matone yanayorukaruka juu ya bawa hupunguza nguvu ya kunyanyua na kuongeza ukinzani, na athari hiyo hukua ndege ikiwa inakwenda polepole na pua imeinuka. Huo ndio wakati wa kutua.

Kuhusu upepo nitakaa zaidi, kwa sababu ndio unaoua.

Mvua ya radi hushuka pamoja na hewa. Matone huikokota hewa kwenda chini, na sehemu ya maji ikigeuka mvuke njiani, hewa ile hupoa, ikawa nzito zaidi na kuporomoka. Ikigonga ardhi hutawanyika pande zote. Eneo linaloathirika chini kwa kawaida halizidi upana wa kilomita 4, na mara chache hudumu zaidi ya dakika 15. Ndani ya eneo hilo hewa inaweza kushuka kwa kasi ya futi 6,000 kwa dakika. Caravan iliyojaa, injini ikiwa na nguvu zake zote, hupanda kama futi 1,000 kwa dakika.

Na upepo huo una udanganyifu. Ndege ikiingia ukingoni, upepo wa mbele huongezeka ghafla, kipimo cha mwendo kinapanda, ndege inajinyanyua, na rubani asiyejua kilichopo anapunguza nguvu ya injini ili arudi kwenye mstari wake. Sekunde chache baadaye yuko katikati, anasukumwa chini. Kabla hajajipanga anatokea upande wa pili, ambako upepo uko mgongoni. Caravan huja kutua kwa mwendo wa kama kilomita 150 kwa saa, na ukishuka kufikia kama 113 bawa haliibebi tena. Upepo mkali wa aina hii unaweza kuwa wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa mbele yako, kisha ukawa wa kiasi hichohicho nyuma yako. Jumlisha hizo mbili: umepokonywa mwendo wote uliokuwa nao. Ukiwa futi 3,000 juu utajiokoa. Ukiwa futi 300, ujuzi hausaidii sana.

Basi rubani anayeweza kukaa nje ya mvua ile kwa robo saa ameishinda. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma maombi yangu huko chini.

Akifika ardhini mvua bado haijamalizana naye. Tairi lenye upepo wa pauni 36 kwa inchi ya mraba huanza kuelea juu ya maji yaliyotuama kwenye lami kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, na likishaelea, breki hazina kazi. Kwenye nyasi, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo waongeze asilimia 35 kwenye urefu wanaohitaji ili kutua nyasi zikiwa zimelowa, na nyasi zikiwa fupi sana, asilimia 60. Viwanja vyetu vya hifadhini vingine vimekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga. Asubuhi ukikauka ni mgumu unaweza kucheza mpira. Nusu saa ya mvua ukanyage uone: unapanda na kiatu, na gurudumu la mbele la ndege linaugeuza kuwa uji unaorushwa kwenye panga boi na kwenye breki. Rubani akiwa juu anaona uwanja uleule wa jana.

Na mvua hushusha mawingu. Rubani anajipenyeza chini yake ili asipoteze ardhi, na milima haisogei. Tarehe 5 Juni 2018, katika nchi jirani ya Kenya, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare katika hali mbaya ya hewa na watu wote 10 wakafa. Sisi tuna Uluguru na Usambara kwenye njia zetu.

Sasa Bukoba. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, safari PW 494, ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Watu 24 waliokolewa, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Suala la chanzo nawaachia wachunguzi. Nataka tu mtazame mazingira. ATR ni kubwa kuliko Caravan mara kadhaa. Ina marubani wawili, ina injini mbili, ina waipa, ina rada ya hali ya hewa puani. Ikiwa anga ya Bukoba asubuhi ile ilikuwa ngumu kwa ndege yenye vyote hivyo, mnaweza kufikiria inavyokuwa kwa kijana mwenye Caravan, pekee yake mbele, na abiria 12 nyuma.

Watu wa Kagera wanalijua ziwa lao. Mchana radi hujengeka nchi kavu, usiku hujengeka juu ya maji, na upepo wa mashariki huyasukuma mawingu kuelekea upande wa magharibi, kwa hiyo Bukoba hupata mvua zake kubwa alfajiri na asubuhi. Ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini. Na asubuhi ndipo ndege nyingi huondoka, kwa sababu abiria wanataka siku nzima ya shughuli. Ratiba na mvua vimepangiwa saa moja. Anayepanga ratiba hakai na anayesoma mawingu, na hilo nalo lingeweza kubadilika bila kununua kifaa chochote.

Marekani walipita hapa. Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya Eastern Air Lines ilianguka New York ikikaribia kutua kwenye mvua ya radi. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya Delta ilipita ndani ya mvua iliyokuwa imesimama mbele ya uwanja wa Dallas, upepo ukaichukua kwa namna ileile niliyoieleza, na watu 137 wakafa. Marubani wa ndege hizo walikuwa na uzoefu mkubwa. Nchi ile haikuishia kuwaambia marubani wawe waangalifu. Ilisimamisha milingoti ya kupima upepo kuzunguka viwanja, ili tofauti ya upepo kati ya mlingoti mmoja na mwingine impe mwongoza ndege onyo. Baadaye ikaweka rada maalumu kwenye viwanja vikubwa na kuzilazimisha ndege za abiria kuwa na vifaa vya kutambua upepo huo. Ajali za namna hiyo kwenye ndege kubwa za abiria zimekuwa adimu sana huko tangu miaka ya 1990.

Siombi rada kila kiwanja. Naomba mlingoti.

Hebu nieleze taarifa inavyopatikana leo kwenye kiwanja cha changarawe hifadhini. Hakuna mnara wala mtu wa hali ya hewa. Kuna mfuko wa kuonyesha upepo, ukiwa haujachanika, na kuna dereva wa kambi aliyekuja kupokea wageni. Rubani akipata mtandao anampigia au anamwandikia, naye anajibu, "Huku manyunyu tu, kaka, njoo." Ni mtu mwema na anasema anachokiona. Lakini yuko ndani ya gari, upande mmoja wa kiwanja, na manyunyu anayoyaona yanaweza kuwa ukingo wa wingu ambalo baada ya dakika kumi litakuwa juu ya njia ya kurukia. Hajui upepo umegeuka kutoka upande gani, wala hatuwezi kumlaumu, si kazi yake. Maisha ya watu 12 yanategemea ujumbe huo.

Ombi langu kwa TMA na TAA ni kwamba kila kiwanja kinachopokea ndege za abiria kwa ratiba kiwe na kituo kidogo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe kwa umeme wa jua: kipime upepo na mwelekeo wake, mvua, umbali wa kuona na mgandamizo wa hewa, na kisomeke kwa simu ya rediyo ya ndege au kwa mtandao, bila kumsubiri mtu. Anzeni na viwanja vya kando ya maji na vile vya hifadhi. Unguja na Pemba wana mamlaka yao ya viwanja, nanyi mnakutana nao kwa mambo mengi. Hili liwekwe mezani. TMA mna rada za hali ya hewa, ya Mwanza ikiwa inaliangalia ziwa. Picha yake imfikie rubani kwenye tableti yake kabla hajaanza kushuka, kwa lugha fupi: mvua iko wapi, inaelekea wapi, ina nguvu kiasi gani. Dakika 15 alizokuwa anazihitaji angezipata kwa kujua tu kwamba anazihitaji.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu haitibiki kwa kifaa.

Rubani akirudi, ana watu wengi wa kuwajibu. Wageni wana ndege ya kimataifa usiku uleule. Hoteli inapiga simu. Mwenye ndege anahesabu mafuta yaliyoungua bure. Kisha kinasemwa kile ambacho marubani wote wa ndege ndogo tumekisikia: "Mwenzako katua." Mwenzako alitua dakika 20 kabla yako, au dakika 20 baada yako, kwenye anga nyingine kabisa. Mimi nimeambiwa maneno hayo nikiwa bado na maji ya mvua kwenye shati, na aliyeniambia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hasara ya siku hiyo mkononi. Kijana mwenye saa chache angani, anayetafuta mkataba wa kudumu, akiambiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hatarudi. Atajaribu. Mara nyingi atafanikiwa, na kila akifanikiwa atajifunza kwamba inawezekana.

TCAA mna meno hapa, na ninawaomba myatumie kwa namna moja mahususi. Mkaguzi wenu akifika kwenye kampuni ya ndege ndogo, pamoja na leseni na vitabu vya matengenezo, aombe orodha ya safari zilizorudi au kuelekezwa kiwanja kingine kwa sababu ya hali ya hewa. Kampuni inayoruka pwani na ziwani masika nzima bila hata safari moja iliyorudi, hiyo ndiyo ya kukaa nayo chini. Aulize pia rubani aliyerudi alitendewa nini wiki iliyofuata: alipangiwa safari kama kawaida, au alikaa nyumbani? Kila kampuni iandike kwenye mwongozo wake wa uendeshaji kwamba uamuzi wa rubani kutotua kwa ajili ya mvua hauadhibiwi wala hauhojiwi siku hiyo, na kuuvunja mwongozo huo kuwe na adhabu kama kuvunja kanuni nyingine yoyote.

Kuna suala la mafuta ambalo halizungumzwi hadharani. Kuisubiri mvua hewani kunahitaji mafuta, na kwenye Caravan kila kilo ya mafuta ni kilo ya abiria au mzigo iliyoachwa. Ndege ikipakiwa mpaka mwisho, rubani anaruka akiwa na mafuta ya kisheria, lakini bila nafasi ya kuzunguka robo saa kwa amani halafu kurudi alikotoka. Wakati wa masika na vuli, wekeni kiwango cha juu zaidi cha mafuta ya akiba kwa viwanja visivyo na taarifa ya hali ya hewa. Wamiliki watalalamika, na wana haki ya kulalamika, kwa sababu nauli italazimika kubeba tofauti hiyo. Mimi kama abiria ningeilipa.

Mheshimiwa Waziri, kwako nina mawili. La kwanza, abiria waambiwe. Kwenye tiketi na kwenye ukumbi wa kusubiri kuwe na tangazo la Kiswahili na Kiingereza kwamba ndege ndogo inaweza kurudi kwa sababu ya mvua na kwamba huo ni utaratibu wa usalama. Abiria akilijua kabla ya kupanda, hatamgombeza rubani akishuka. La pili ni Bukoba tena: wavuvi walifika kwanza kwa sababu walikuwa karibu na walikuwa na vyombo. Kila kiwanja kilicho kando ya maji kiwe na boti ya uokoaji yenye mafuta, kamba, makoti ya kuelea na watu waliofanya mazoezi, na wavuvi wa eneo hilo wafundishwe na kulipwa kama sehemu ya mpango huo. Tayari wameonyesha kwamba watakuja. Wapeni vifaa vya kuvunjia mlango wa ndege.

Naomba mnijibu hadharani, kwa sababu wanaohusika ni wengi na hawasomi barua za ofisini. Kabla ya masika ijayo tangazeni orodha ya viwanja vitakavyowekewa vituo vya kupima upepo na mvua, kwa majina, na mwezi ambao kila kimoja kitaanza kufanya kazi. Ikiwa bajeti inatosha viwanja vitatu tu mwaka huu, semeni vitatu, na semeni ni vipi. Mimi ningeanza na Bukoba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Rubani wa ndege ndogo,
Dar es Salaam